Nambari ya Watu Tisa

Gerezani, Bloku C
17 Februari 2025

Mwalimu Mumina,

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Ndung'u, Kidato cha Tatu Magharibi, mwaka wa 2018, yule wa kuketi karibu na dirisha lililovunjika. Ukisahau jina utakumbuka karatasi, maana uliirarua mbele ya darasa zima. Salamu nyingi kutoka huku, na pole kwa kukushtua. Najua hakuna mtu hufurahia kupokea barua ya gerezani, lakini yangu haiombi sabuni wala wakili.

Anwani yako nimepewa na mama. Jecinta, kama hukumjua jina, bado yuko mtaani Baba Dogo, bado anashona magunia kwenye kiwanda kile kile. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kila barua husomwa na afande kabla ya kutoka, na afande wetu akiona Kiingereza kirefu hudhani unaficha kitu.

Nilifungwa miaka sita kwa kuvunja ghala Industrial Area. Sikusingiziwa, mimi ndiye niliyeshika tochi. Nikipewa msamaha wa theluthi kwa mwenendo mwema, natoka Desemba hii. Imebaki miezi kumi, na hii ya mwisho ndiyo mirefu kuliko yote.

Sasa jambo lenyewe. Chumbani kwetu tulianza wanne, leo tuko tisa. Kila akiletwa mtu tunakunja blanketi na kugawana sakafu upya, na kila mara kuna anayelia kwamba amepunjwa. Siku moja nikajiuliza kama kuna nambari isiyoweza kumpunja mtu. Anakuja wa kwanza na tarakimu yake. Anakuja wa pili, unaiandika yake kando ya ile ya kwanza, na zote mbili kwa pamoja zinagawanyika kwa mbili. Akija wa tatu, tarakimu tatu zigawanyike kwa tatu, hivyo hivyo mpaka wa tisa. Tarakimu moja hadi tisa zitumike zote, kila moja mara moja tu, na pasibaki kitu.

Nimeipata. Ni 987654321. Ijaribu mwenyewe: 98 kwa mbili, 987 kwa tatu, 9876 kwa nne, zote zinaingia. Nimekuandikia wewe kwa sababu uliwahi kuniambia jibu bila njia ni mali ya wizi. Safari hii njia iko nyuma ya karatasi.

Wako,
Ndung'u


Mtaa wa Fedha
4 Machi 2025

Ndung'u,

Nakukumbuka. Ulikuwa unachelewa kila Jumatatu.

Barua yako imenikuta nimefunga, na hesabu yako nimeifanya kabla ya futari, kwa hiyo usiseme niliipitia juu juu. Moja hadi sita, sawa. Nane sawa, tisa sawa. Sasa tazama saba. Umeandika kwamba 9876543 kwa saba ni 1410935. Zidisha urudi nyuma uone: unapata 9876545. Jibu la kweli ni 1410934, na wamebaki watano. Hao watano utawalaza wapi?

Swali lako ni zuri sana, jibu lako ni baya. Ulipenda jinsi tarakimu zinavyoshuka ngazi, ukataka saba nayo ipende. Rudia. Usianze na nambari inayokupendeza. Anza na zile zisizowezekana, uzifute, uone zitakazokataa kufutika.

Nimekuwekea stempu mbili. Msalimie afande anayesoma.

Mwl. Mumina Kadar


Gerezani, Bloku C
12 Mei 2025

Mwalimu,

Ulinichoma. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wa bloku nzima. Mumo, tunayelala ubavu kwa ubavu, aliposikia barua yako alisema, "Buda, hata hesabu imekuruka, imekukana." Wakanicheka wiki nzima, na mimi nikanuna siku mbili tu, kisha nikaanza kufuta.

Njia yangu hii hapa, na kurasa zote arobaini nimezifunga ndani. Mpangilio wa tarakimu tisa una nambari 362,880. Ningezijaribu moja moja ningetoka hapa na mvi. Lakini nambari ikigawanyika kwa tano, na sifuri hatuna, lazima iishie kwa tano. Basi wa tano ni 5, amekaa, hatumgusi tena. Nafasi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane lazima wakae akina mbili, nne, sita na nane. Kwa hiyo 1, 3, 7 na 9 wanagombania nafasi nne zilizobaki.

Halafu nikaona kitu ambacho kilinifanya nisimame. Ili nne na nane zikubali, nafasi ya nne na ya nane lazima zichukuliwe na 2 na 6. Hakuna namna nyingine. Na ili tatu na sita zikubali, zile tarakimu tatu za katikati ni ama 258 ama 654. Ukifika hapo, umati wote ule umeisha. Zimebaki nambari kumi tu, na zote zinakubali kila kitu isipokuwa saba, ambayo bado hujaiuliza. Ile yangu ya kwanza, 987654321, ilikuwa mojawapo ya hizo kumi. Kumbe haikuwa mbali.

Nikazipeleka kwa saba, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikabakisha sita, ya pili mbili, ya tatu sita tena. Ya nne nikaifanya mara tano kwa sababu sikuamini mkono wangu.

381654729.

38 kwa mbili ni 19. 381 kwa tatu ni 127. 3816 kwa nne ni 954. 38165 kwa tano ni 7633. 381654 kwa sita ni 63609. 3816547 kwa saba ni 545221, Mwalimu, bila baki. 38165472 kwa nane ni 4770684. Yote kwa tisa ni 42406081. Nikazijaribu zile sita zilizobaki, na saba ikazikataa zote. Ni hii moja tu kati ya zile laki tatu na ushee.

Nililia, na afande asome hivyo hivyo. Miaka yote hii mama amekuja kila mwezi na mkate na sabuni, na mimi sina cha kumpa zaidi ya kumwambia niko sawa. Nilikuwa naogopa Desemba. Nilijiona nikiingia Baba Dogo mikono mitupu, watu wakinitazama mfukoni. Sasa nina kitu kimoja ambacho hakikuwepo duniani mpaka nikakitafuta, na sikukitoa kwenye ghala la mtu. Nitamwonyesha mama. Hataelewa, lakini ataona ni changu.

Wako,
Ndung'u


Fedha
26 Mei 2025

Ndung'u,

Nimepitia kurasa zako arobaini mstari kwa mstari, na kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea, na sikuitumia. Nimeifanya hata ile ya saba. Njia yako ni safi. Pale ulipoonyesha kwamba 2 na 6 lazima wakae nafasi ya nne na ya nane, niliweka karatasi chini nikaenda kusimama kwenye baraza kidogo.

Nimefundisha miaka ishirini na sita, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniletea nambari hii.

Kazi kama hii haifai kukaa chini ya godoro. Nimemwandikia afisa wa elimu wa hapo kwenu nikimwomba akupe saa moja darasani uwaeleze wenzako. Jitayarishe, andika kwa herufi kubwa, na usiwape jibu kabla hawajateseka kidogo.

Kuhusu ile karatasi ya 2018, iko siku tutazungumza.

Mwl. Mumina


Gerezani
30 Juni 2025

Mwalimu,

Hii ni fupi. Daftari langu wamelichukua, na karatasi hii nimepewa na Mumo.

Afisa wa elimu aliipata barua yako. Akatoa simu yake akaiandika ile nambari, na akaikuta mtandaoni. Iko huko, Mwalimu. Iko tangu kabla sijazaliwa, na njia yake yote, mpaka ile ya 258 na 654. Aliniita akaniuliza, "Simu iko wapi?" Nikamwambia sina simu. Akasema, "Namba tisa, mpangilio ule ule, na wewe ulifika Form Four nusu. Unataka niamini ulitoa kwa kichwa?"

Wakaja na msako siku mbili. Wamepasua magodoro yote. Hawakupata kitu, na kwao hiyo ni ishara kwamba nimeificha vizuri. Wenzangu wanane wanalala kwenye saruji na blanketi moja moja kwa sababu yangu. Hawanisemeshi, isipokuwa Mumo.

Kamati ya nidhamu inaketi tarehe 22 Julai. Wakiamua nilikuwa na simu, theluthi yangu inafutwa. Nitatoka Desemba ya 2027 badala ya hii. Mama bado sijamwambia.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Uliponiandikia kwamba hakuna mwanafunzi aliyewahi kukuletea nambari hii, ulikuwa unajua?

Ndung'u


Fedha
7 Julai 2025

Kwa Afisa wa Elimu, na kupitia kwake kwa Kamati ya Nidhamu

Mheshimiwa,

Mimi ni Mumina Kadar, mwalimu wa hisabati katika shule ya upili huku Eastlands. Ndimi niliyekuandikia mwezi Mei kuhusu mfungwa Ndung'u, na kwa barua hiyo nimemtia matatani. Naomba unisome mpaka mwisho.

Ni kweli nambari 381654729 inajulikana. Mwenye simu anaipata kabla maji ya chai hayajachemka. Hilo silipingi. Lakini nakuomba utazame kitu ninachoambatisha hapa, barua yake ya kwanza kwangu, ya tarehe 17 Februari. Muhuri wa ofisi yenu uko juu yake, tarehe iko juu yake, na afande wenu aliisoma kabla yangu. Ndani yake Ndung'u anadai kwamba nambari hiyo ni 987654321. Nambari hiyo ni makosa. Inakwama kwenye saba, na baki ni tano.

Naomba kamati ijiulize: mtu mwenye simu, anayenakili jibu, atanakili vipi kosa? Kosa hilo haliko popote ila kwenye mgawanyo wake wa saba, nyuma ya karatasi hiyo hiyo, ambapo aliandika tano badala ya nne kwenye tarakimu ya mwisho. Nimeambatisha pia kurasa arobaini za kazi yake. Ukurasa wa kumi na moja amepotea kabisa. Ukurasa wa ishirini na tatu amerudia kosa la ukurasa wa kumi na tisa na kujitukana kwa Kikuyu. Njia ya kunakili haina matope kiasi hiki. Na ilimchukua zaidi ya miezi miwili kufika penye jibu ambalo simu yako ilikupa wakati huo huo.

Kama bado mna shaka, mpeni karatasi tupu mbele yenu na mmwambie aonyeshe.

Nina jambo moja zaidi la kusema, nalo halinipi sifa. Najua jinsi ilivyo vigumu kuamini jibu sahihi linapotoka kwa mtu usiyemtarajia. Mwaka wa 2018 kijana huyu huyu aliniletea majibu kumi, yote sahihi, bila kuonyesha hesabu. Sikumuuliza kitu. Niliirarua karatasi mbele ya wenzake, nikampa sifuri, nikamtuma akamwite mamake, ambaye alipoteza kibarua cha siku ile. Baadaye nilisikia kwa wanafunzi wenzake kwamba alikuwa akizifanya kichwani, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha jioni. Sikumwomba radhi. Nakuomba wewe usirudie kosa langu, kwa maana lako litamgharimu miaka miwili.

Wako katika utumishi,
Mumina Kadar


Fedha
7 Julai 2025

Ndung'u mwanangu,

Nilijua.

Niliiandika kwenye simu siku ile ile niliyopokea kurasa zako. Ilitokea mara moja, na nyingine nyingi nyuma yake. Nilikaa nayo wiki nzima. Ulikuwa umeandika kwamba kitu hiki hakikuwepo duniani mpaka ulipokitafuta, na kila nilipoanza sentensi ya kukwambia ukweli niliona uso wako wa Kidato cha Tatu siku ile nilipoirarua karatasi. Basi nikatafuta sentensi ambayo si uongo wala si ukweli. Wewe uliijua ilipo, ndiyo maana umeniuliza kuhusu hiyo hiyo.

Mara ya kwanza niliamua kwamba umeiba. Mara ya pili niliamua kwamba huwezi kuubeba ukweli. Mara zote mbili sikukuuliza wewe. Nimekosa mara mbili, na kosa ni moja. Nakuomba radhi kwa yote.

Nimewaandikia. Nimewapelekea barua yako ya Februari, ile yenye makosa. Sikuwahi kufikiri nitashukuru kwa mgawanyo mbaya wa saba.

Usipotaka kuniandikia tena, nitaelewa.

Mumina


Gerezani, Bloku C
4 Agosti 2025

Mwalimu,

Nilikuwa sitaki kukuandikia tena. Nilikaa hivyo wiki tatu, na ingekuwa zaidi, lakini Mumo alisema, "Wewe hukasirika kama mtu ako na choice," yaani kama nina mwingine wa kumwandikia. Kwa hiyo nakuandikia, ila usidhani nimepoa kabisa.

Kamati ilikaa. Walikuwa watano nyuma ya meza. Mkubwa wao alikuwa na barua yako mkononi na ile yangu ya Februari pembeni, na akanisomea kwa sauti lile kosa langu mbele ya kila mtu, saba na watano wake waliobaki. Kisha akaniwekea karatasi tupu na kalamu. Akasema, "Hakuna haraka. Tuonyeshe."

Nikaanza kwa kumweka yule wa tano mahali pake. Nilifika kwenye zile kumi. Nilipoanza kuzipeleka kwa saba, afisa wa elimu mwenyewe akavuta kiti akaja kuketi nyuma yangu. Kwenye ya pili akaninong'oneza, "Baki mbili." Alikuwa anafanya na yeye, kichwani. Tukamaliza pamoja. Yule mkubwa akauliza, "Sasa hii inasaidia nini?"

Theluthi yangu imerudi. Nitatoka tarehe tisa Desemba. Magodoro bado hayajaletwa, lakini watu wananisemesha.

Kuhusu wewe kujua. Nilikasirika sana, na bado nikikumbuka naumia. Lakini ile ya 2018 usijipe ukubwa. Sikuacha shule kwa sababu yako. Niliacha kwa sababu kulikuwa na pesa rahisi nje na mimi nilikuwa mjinga. Mwalimu mmoja na karatasi moja hawawezi kumfunga mtu miaka sita. Hiyo iweke chini.

Ninachotaka kukwambia ni kingine. Nimemtumia mama ujumbe kupitia simu ya ofisi ya gereza, asije langoni siku ile. Sitaenda Baba Dogo kwanza. Nina binamu mtaa wa Mukuru kwa Reuben, nitashukia kwake, nitafute kibarua kwenye viwanda, na siku nitakayokuwa na kitu mkononi ndipo nitapanda kwa mama. Nilikuwa na ile nambari ya kumpelekea. Sasa najua ni ya kila mtu mwenye simu. Nitaingia kwake na nini?

Ndung'u


Fedha
25 Agosti 2025

Ndung'u,

Alhamdulillahi kwa hiyo kamati. Nilisoma ukurasa ule nikiwa nimesimama, sikuketi mpaka ulipofika kwenye tarehe tisa Desemba.

Jumamosi nilikwenda Baba Dogo kumwona mamako. Sikutumwa na mtu. Nilikuwa na deni la kumwomba radhi kwa siku ile niliyomtoa kazini, na alinisikiliza akaniambia hakumbuki. Nadhani anakumbuka. Akanipikia chai.

Amenunua godoro. Limesimama ukutani, bado liko kwenye nailoni yake, na ameliwekea kitambaa juu ili lisishike vumbi la kiwandani. Aliniambia kuhusu ujumbe wako. Alinipa simu akataka nimsomee tena, ingawa nina hakika alishausoma mara nyingi. Kisha akasema hivi, na nakuandikia maneno yake: "Amekuwa mtu wa hesabu kubwa. Anaona haya na mama wa magunia. Si vibaya, hata mimi ningeona."

Nilimwambia si hivyo. Hakuniamini. Wala sikumsukuma, kwa sababu hilo ni lako kumwambia na mimi nimeacha kuwaamulia watu mambo yao.

Una zoezi moja. Nambari yako ina watu tisa. Anakuja wa kumi. Mtafutie tarakimu, uiandike mwisho kabisa, ili zote kumi kwa pamoja zigawanyike kwa kumi. Usiguse waliotangulia. Nataka jibu na njia.

Mumina


Gerezani, Bloku C
8 Septemba 2025

Mwalimu,

Zoezi lako halikunichukua hata dakika, na limenikalisha siku tatu.

Njia: nambari ikigawanyika kwa kumi lazima iishie kwa sifuri. Hakuna nyingine ya kujaribu. Kwa hiyo ni 3816547290, na ukiigawanya kwa kumi unapata 381654729, ile ile. Wa kumi haleti kitu. Wale tisa hakuna hata mmoja anayesogezwa, na wote kumi wanapata sawa.

Mwanzoni nilikasirika, nikaona unanihubiria kwa mlango wa nyuma. Nilitaka kukujibu vibaya. Nikamwonyesha Mumo, akaitazama, akasema, "Sasa huyo wa kumi akikataa kuja si hata inabaki tu ile ya tisa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi shida si ya hesabu," akalala.

Mwalimu, sijawahi kumwonea mama haya. Hata siku moja. Alikuwa akija hapa na kidole amekifunga kitambaa kwa sababu ya ile sindano ya magunia, na mimi nilikuwa nikikaa upande wa pili wa waya nikijionea haya mwenyewe. Akawa anatazama uso wangu na kusoma vingine. Miaka yote hiyo tumekaa hivyo, kila mtu na haya yake, na mkate katikati.

Barua yake imo ndani ya hii. Nimeifunga. Mpelekee, lakini usimsomee, asome mwenyewe polepole. Nimemwomba aje langoni tarehe tisa, saa mbili asubuhi. Nimemwambia sina zawadi, sina kazi, sina hata begi. Nimemwambia nakuja hivi hivi.

Ndung'u